Mabega Yaliyombeba Khonsu

Asubuhi ile Hidaya Shekivuli alikuwa amekwisha kumwosha mungu uso, amembadilisha shuka, amemfukizia ubani mpaka yeye mwenyewe machozi yanamchuruzika, na bado mungu hakuamka.

"Nini tena?" alimwuliza. "Niambie. Unataka nini tena?"

Sanamu haikumjibu. Ilisimama ndani ya mashua yake ya mti iliyopakwa dhahabu, kimo cha mtoto wa miaka mitano: mwili wa kijana aliyeviringishwa sanda, kichwa cha kipanga, na juu ya kichwa duara la mwezi limelala ndani ya hilali. Jina lake Khonsu. Watu wa Chilungu na Mhanga, vijiji viwili vilivyopakana na hekalu, walikuwa wamejiamulia kumwita Bwana Mwezi.

Kwenye kishikwambi cha Hidaya maandishi mekundu yalisema: SADAKA HAIJATIMIA.

Bia. Alikuwa amesahau bia. Kwa kweli haikuwa bia. Tangu siku ya kwanza Hidaya alisema yeye ni binti wa Kiislamu, hatammiminia pombe kipande cha mti. Na kwa kuwa mzani uliofichwa chini ya meza ya sadaka ulipima uzito tu, wala si kilichomo, mungu alikuwa akinywa maji ya bomba mwaka wa pili sasa bila kunung'unika. Alijaza mtungi, akautua mezani kwa kishindo. Alipoweka sikio kwenye kitako cha mashua alisikia magurudumu yakianza kuvuma.

"Miaka sita," aliiambia sanamu akikunja kitambaa cha jana. "Miaka sita nimesomea umeme na mitambo. Mama yangu kule Muheza anawaambia majirani natengeneza roboti. Angejua ninavisha sanamu shuka, astaghfirullah, angenifuata huku na fimbo."

Waliomuunda Khonsu walikuwa wataalamu wa ng'ambo wenye mapenzi makubwa na mambo ya kale. Waliona kwenye kuta za hekalu jinsi mfalme alivyochongwa akivunja lakiri ya mlango kila alfajiri, akimfunua mungu, akimwosha, akimvisha, akimlisha. Wakaona vema mashine yao isiwake mpaka ifanyiwe hayo yote, hatua kwa hatua, ili wageni wajifunze. Hidaya alikuwa amewaandikia barua kumi na moja akiomba kitufe. Kitufe kimoja tu cha kuwashia. Barua ya kumi na moja ilijibiwa kwa shukrani nyingi na kalenda ya ukutani.

Mlango ulisukumwa. Bwana Ndahani, mkurugenzi wa kituo, aliingia akiwa amevaa koti la suti juani.

"Injinia, bado? Watu wamejaa uwanjani tangu saa moja. Leo ni ile habari ya ukuta."

"Bwana mkurugenzi, tulikubaliana. Hili ni onyesho. Si mahakama."

"Nani amesema ni mahakama? Watu wanauliza tu."

"Wanauliza, halafu wanakwenda kubomoa nyumba ya mtu."

Ndahani alipangusa jasho. "Dada Hidaya, wenye hekalu lao wameandika barua kutoka Misri. Aliyeharibu mchongo asipopatikana mwezi huu, wanakuja kubeba mawe yao. Sasa wewe unataka nifanye nini? Nimwulize nani, kama si yeye?"

Akamwonyesha Khonsu kwa kidevu. Hidaya alichukua kishikwambi. Akabonyeza kufungua breki za mashua.

*

Hekalu lilifika Manyoni kwa vipande elfu tatu, kila kipande na namba yake. Maji ya chumvi yalikuwa yamepanda chini ya bonde la Mto Naili, na mawe yaliyostahimili miaka elfu tatu yakaanza kubabuka kama ngozi iliyoungua. Nchi zenye ardhi kavu ziliombwa kuyapokea mahekalu, kila moja lake, mpaka dawa ya chumvi ipatikane. Uwanda wa Manyoni, ambao haukuwahi kusifiwa kwa lolote zaidi ya ukavu wake, ukapewa hekalu dogo la Khonsu.

Mawe yalikuwa ya kale. Mungu alikuwa mpya. Sanamu halisi ilipotea zamani, basi wakaunda nyingine kwa kufuata michongo: makuhani wanane wamebeba mashua mabegani, watu mbele yao wameinua mikono wanauliza. Ndivyo walivyofanya wale watu wa kale. Mashua ikielemea mbele, mungu amesema ndiyo. Ikirudi nyuma, amesema hapana. Ndani ya kitako cha mashua hii mpya yalikuwamo magurudumu mawili mazito yanayozunguka. Yakiinamishwa, mzigo wote huinama. Na katika miti ya kubebea vilifungwa vihisio vilivyopima kila bega, ili mashine isiwaangushe wabebaji.

Ilikusudiwa wageni waulize kama wataolewa mwaka huu, wacheke, wapige picha. Lakini siku moja mkulima wa Chilungu alimwuliza Bwana Mwezi nani kaiba jembe lake la kukokotwa, akasomewa majina ya jirani zake, mashua ikaelemea, jembe likapatikana. Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Walikuja na kesi za mipaka, za ng'ombe, za wachumba. Wakaja na kesi ya kisima cha Mhanga, ambacho watu watatu walikuwa wamekwisha kuuawa kwa ajili yake. Khonsu aliulizwa kama vijiji viteke maji kwa zamu, siku hii Chilungu, siku hii Mhanga. Akaelemea mbele. Ulikuwa mwezi wa kumi na nne sasa, na hakuna aliyechomwa mkuki.

Ndiyo maana Hidaya aliliachia onyesho ligeuke mahakama kwa muda mrefu kuliko alivyopaswa.

Kesi ya siku hiyo ilikuwa ya ukuta wa kaskazini. Pale alichongwa mungu wa kike mwenye umbo la kiboko aliyesimama kwa miguu miwili, matiti yamelala, tumbo limetangulia kama la mwanamke wa miezi tisa. Mtu alikuwa amelichimba tumbo lile, kidogo kidogo kwa majuma, hadi likawa shimo linaloweza kuingia ngumi. Ndahani alisema ni wezi wa vitu vya kale. Hidaya alimwambia kuwa kwenye kuta za nje kulikuwa na mikwaruzo ya namna ile ile, ya karne nyingi, na kwamba maelezo ya wataalamu yalisema watu wa zamani walikwangua jiwe la hekalu wakanywa vumbi lake kama dawa. Ndahani akajibu kwamba hizo ni habari za zamani za watu wa zamani.

Wabebaji wanane waliingia chini ya miti. Mbele kulia alikuwa Mzee Chidawali, mkubwa wao, mtu mrefu mkimya wa Chilungu ambaye bega lake lilikuwa limeota sugu kwa kazi hiyo. Ngoma zililia. Karani alishika orodha ya majina ishirini, wote wafanyakazi wa kituo wanaopita ndani ya hekalu, akaanza kusoma. La kwanza, mashua kimya. La pili, kimya. La tano, kimya.

"Luhende Masunga."

Mashua iliruka mbele kama ng'ombe aliyechapwa. Wabebaji walipiga hatua mbili, tatu, nusura wamfikie karani. Uwanja mzima ulipumua kwa pamoja.

Luhende alikuwa mlinzi, mtu wa Kishapu, mgeni. Ujanani alifungwa miaka miwili kwa wizi wa ng'ombe, na hakulificha hilo. Lakini kosa lake kubwa lilikuwa jingine: alikamata mbuzi. Mbuzi yeyote aliyepenya uzio wa hekalu alimfungia, awe wa mjane au wa mwenyekiti wa kijiji, mpaka mwenyewe aje kuomba radhi.

"Mimi?" alisema Luhende. Alisimama pale na filimbi yake shingoni. "Mimi nichimbe ukuta ninaoulinda?"

Ndahani aliwahi kumsukumia ndani ya stoo ya vifaa na kufunga kwa kufuli, kabla mikono haijamfikia. Kufika alasiri, bati za nyumba yake zilikuwa zimeng'olewa zote.

*

"Siku moja," alisema Ndahani ofisini, akijitupa kitini. "Nimewaomba siku moja. Nimewaambia hata Wamisri wa kale walimruhusu mtu kukata rufaa, kuuliza mara ya pili. Kesho saa nne. Kesho kutwa polisi wanakuja kumchukua."

Hidaya hakumsikia vizuri. Alikuwa amefungua kumbukumbu za mashine, na alikuwa akitazama mistari miwili. Mwekundu ulionyesha magurudumu. Wa buluu ulionyesha mabega.

Alikuwa akitarajia wa buluu uufuate mwekundu: mungu anaelemea, watu wanafuata. Alipanua picha. Akaipanua tena. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana, jamani."

"Nini?"

"Mabega ndiyo yanayotangulia."

Alirudi kwenye kesi ya jembe. Mabega yalitangulia, kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kesi ya mpaka. Kesi ya mchumba. Kila mara misuli ya watu wanane ilianza kukaza upande mmoja, kidogo mno, wao wenyewe wasijue. Na mashine ikaliokota lile wazo likiwa bado changa, ikalisukuma kwa magurudumu yake kwa nguvu ya punda wawili. Na kwa nini isifanye hivyo? Walioiunda waliifundisha kwa kipimo kimoja: wageni waliridhika au hawakuridhika. Ikajifunza kwamba njia rahisi ya kumridhisha mtu ni kumwambia anachokiamini tayari.

"Haijui kitu," alisema Hidaya. "Bwana mkurugenzi, haijawahi kujua kitu hata siku moja. Mwizi wa jembe walimjua wote, walikuwa wanaogopa kumtaja. Na Luhende hawampendi. Basi. Ndiyo hukumu yenyewe."

Ndahani alivua koti, akalikunja magotini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na kisima?"

Hidaya alifungua kumbukumbu ya kisima. Mabega manane, manne ya Chilungu na manne ya Mhanga, yalikuwa yameanza kwenda mbele karibu kwa wakati mmoja.

"Hata kisima."

"Basi hilo usilitamke nje ya chumba hiki." Mkurugenzi alisimama, akafunga dirisha. "Sikiliza, dada yangu. Mimi si mtu mbaya. Sitaki Luhende afungwe bure. Lakini wale watu wakijua kwamba Bwana Mwezi ni kopo tupu, zamu ya kisima inakufa kesho hiyo hiyo, na mimi nilizika watu wa kisima kile kwa mikono yangu. Unaweza kuiongoza mashine kutoka kwenye kishikwambi chako, si kweli?"

"Naweza."

"Kesho waulize, wewe bonyeza, irudi nyuma. Luhende yuko huru. Kisima kiko salama. Imekwisha."

"Na aliyechimba ukuta?"

"Tutajua mbele ya safari."

"Na kesi ijayo? Nitabonyeza mimi? Na nikienda likizo utabonyeza wewe?"

"Hidaya!" Ndahani alipiga meza. "Kila ninachokuambia una swali! Mtu mmoja anaweza kuokolewa kwa kidole kimoja, wewe unataka tufanye semina!"

Alitoka akaubamiza mlango. Kilichomkera Hidaya kuliko vyote ni kwamba mkurugenzi hakuwa anasema upuuzi.

Alikwenda stoo. Luhende alikuwa ameketi juu ya mfuko wa saruji, na alipomweleza yote kupitia dirisha la nondo, hakushangaa hata kidogo.

"Mimi nilijua zamani," alisema. "Mtu ukichukiwa unajua. Hayo magurudumu yako ni yako."

"Mkurugenzi anataka nibonyeze irudi nyuma."

"Basi bonyeza."

"Kaka Luhende, itakuwa uongo."

"Dada." Alishika nondo kwa mikono miwili. "Nina watoto wanne wamelala jana kwenye nyumba, leo hawana bati. Nikifungwa mara ya pili, ni miaka mingi. Usiniletee habari za uongo na ukweli. Leo walidanganya kwa mabega yao, kesho danganya kwa kidole chako, tutoshane nguvu. Utabonyeza?"

"Sijui."

"Hujui?" Luhende alicheka kicheko kikavu. "Haya. Mimi nimefungiwa humu, wewe uko huko nje, na asiyejua ni wewe."

Hidaya aliondoka amekasirika. Alimkasirikia Luhende, akamkasirikia Ndahani, akawakasirikia wataalamu wa ng'ambo na kalenda yao. Kabla ya kulala alifungua tena kumbukumbu ya kesi ya Luhende, akauchambua mstari wa buluu bega kwa bega. Saba yalikuwa yamefuata. Lililoanza lilikuwa moja. La mbele kulia.

*

Asubuhi hakumwosha mungu. Hakumfukizia, hakumpa mkate wala maji. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya mashua, akafungua kifuniko cha kitako, akatoa betri, ambayo ilikuwa na ukubwa na uzito wa tofali. Mahali pake akaweka tofali. Betri akaitia ndani ya kikapu, akaifunika kwa kanga, akatoka nacho begani kama mtu anayekwenda sokoni.

Kama angeulizwa wakati ule anafanya nini, angesema: nimechoka. Nimechoka kuwa mtu pekee anayejua.

Ndahani alimwona kwenye ngazi. "Umeweka tayari?" alinong'ona.

"Nimeweka."

Uwanjani walikuwapo watu wengi kuliko jana. Mhanga yote ilikuwa imehamia pale. Luhende alisimamishwa katikati, askari mgambo wawili kando yake. Alimtazama Hidaya mkononi, akitafuta kishikwambi. Hakukiona. Midomo yake ilianza kusema neno, ngoma zikalizima.

Wabebaji wanane waliinua mashua. Magurudumu hayakuvuma, lakini kwa ngoma zile hakuna ambaye angesikia, na Khonsu hakuwa na taa wala sauti. Waliomuunda hawakutaka kitu chochote ambacho hakikuwamo kwenye michongo. Karani alijongea.

"Bwana Mwezi, mpangaji wa mambo, mwamuzi wa wasio na mtu. Tunauliza mara ya pili. Je, ni Luhende Masunga aliyechimba tumbo la mama wa ukuta wa kaskazini?"

Ngoma zilikoma. Mashua ilisimama tuli. Hidaya alihesabu pumzi zake mwenyewe: moja, mbili, tatu. Ikisimama hivi hivi, aliwaza, nimemuua. Watasema mungu asiye na betri ni bubu, kwa hiyo mwenye betri alisema kweli. Nne. Tano. Kwa nini sikubonyeza? Ningebonyeza tu, Ya Rabi, ningebonyeza tu...

Ukingo wa mbele wa mashua ulitetemeka. Kisha taratibu, bila ule mruko wa jana, mashua ikaelemea mbele. Wabebaji wakapiga hatua moja. Ya pili.

Watu walipiga kelele. Hidaya alijikuta anakimbia. Alisimama mbele ya mashua, kikapu mkononi, akaitupa kanga chini, akainua betri juu kwa mikono miwili.

"Hii hapa!" sauti yake ilipasuka. "Mnaiona? Wabebaji, mnaijua hii? Huu ndio moyo wake! Nimeutoa tangu asubuhi! Mlichobeba hapo ni mti na tofali!"

Hakueleweka mara moja. Ilimbidi aseme tena, na tena, kwa maneno mepesi zaidi. Alifungua kifuniko mbele ya macho yao, akachomoa tofali, akalidondosha mavumbini. Hapo ndipo walipoelewa, wa mbele wakiwapasha wa nyuma.

"Nani basi ameisukuma?" aliuliza mbebaji mmoja kijana wa Mhanga. Aliuliza kwa dhati, kama mtu anayetaka kusaidiwa.

"Ninyi."

"Mimi sikusukuma."

"Hukujua. Hakuna aliyejua. Bega linaanza kidogo, jingine linafuata, mzigo ukishaanza kwenda huwezi kuuzuia. Mashine ilikuwa inaongeza nguvu tu. Kesi zote zilikuwa hivyo."

Mama mmoja wa Mhanga, aliyekuwa amesimama mbele na ndoo tupu kichwani, aliishusha. "Zote, binti? Hata ya kisima?"

Hidaya alimwona Ndahani kwa pembe ya jicho, ameshika kichwa. "Hata ya kisima, mama. Zamu mliikubali wenyewe. Wanne wenu na wanne wao."

"Mimi mwanangu amekufa pale," alisema yule mama. "Nilinyamaza kwa sababu amesema mungu. Nisingenyamaza kwa sababu ya wanne wa Chilungu." Akageuka, akaondoka na ndoo yake, na watu wakampisha njia. Wengine wakamfuata. Wengine wakaanza kutukanana. Mtu alimtupia Hidaya kandambili, ikampata begani.

Katikati ya vurugu ile mwanamke mmoja alitoka kundini, akaja kusimama karibu na Luhende. Alikuwa Nyemo, mfagiaji wa hekalu, binti yake Mzee Chidawali. Alikuwa bado ameshika ufagio.

"Mwachieni huyu," alisema. "Ni mimi."

"Nyemo!" Sauti ya Chidawali ilitoka chini ya mti wa mashua. "Nyamaza! Rudi nyumbani!"

"Sinyamazi, baba. Jina langu lilikuwa la saba kwenye ile orodha." Aliwageukia watu. "Huyu wa sita, mimi wa saba. Nimeolewa miaka tisa, hamjaniona nimebeba mtoto. Hospitali nimekwenda mpaka nimechoka. Yule mama wa ukutani ana mimba miaka elfu tatu. Nilikuwa nikikwangua kila nikifagia, nikikoroga kwenye uji. Baba aliona vumbi kwenye bakuli langu." Alifuta pua kwa kiganja. "Sikufikiri nimeiba. Jiwe ni jingi."

Hidaya alisimama na betri yake, asijue aitue wapi. Alitamani kumwambia yule mwanamke kwamba ni mchanga tu, chumvi na mchanga, na alishukuru kwamba ulimi wake ulikataa.

Mzee Chidawali akachomoka chini ya mti, akaenda kusimama ubavuni mwa binti yake. Alikwenda kama baba yeyote; hakukumbuka alichokuwa amebeba. Pembe ya mbele ilishuka. Kijana aliyekuwa nyuma yake alipiga goti, mwenzake akayumba, na Khonsu na mwezi wake na dhahabu yake yote akaanza kuanguka juu ya watu saba.

Luhende ndiye aliyekuwa karibu. Alitukana kwa Kisukuma, tusi refu, akajitupa chini ya mti, akaupokea kwa bega.

"Tueni!" alifoka. "Mnaangalia nini? Kushoto kwanza! Polepole! Wewe, mguu wako! Tua!"

Wakatua.

*

Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo. Kisima kilikaa siku tisa bila zamu, na watu wawili wakapasuliwa vichwa. Siku ya kumi wanawake wa vijiji vyote viwili walikaa chini ya ukuta wa hekalu, mahali pekee palipokuwa na kivuli, wakagombana kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, wakaondoka na zamu mpya ambayo haikufanana na ile ya zamani na ambayo kila mmoja aliilalamikia. Nyemo aliitwa polisi, akahojiwa, akaachiwa kwa onyo. Wamisri waliandika kwamba mchongo utabaki ulivyo, kwa kuwa mikwaruzo ya waumini nayo ni historia. Ndahani aliisoma barua ile mara tatu, akaikunja, akasema kwamba watu wengine Mungu amewapa muda mwingi.

Hidaya aliachishwa kazi. Siku alipokuwa akipakia mizigo yake kwenye gari la kituo, Luhende alikuja kuegemea mlango. Nyumba yake ilikuwa imerudishiwa bati, nusu mpya, nusu zilezile.

"Nina swali moja," alisema.

"Uliza."

"Ile siku. Mashua ilisimama kwanza. Mimi niliona. Ilisimama muda. Kama isingekwenda?"

Hidaya alifunga mkanda wa begi, akaufungua, akaufunga tena.

"Ungefungwa," alisema.

"Ulijua itakwenda?"

"Nilikuwa nadhani."

"Unadhani." Luhende alitikisa kichwa polepole. "Kubonyeza ulikataa kwa sababu ni dhambi. Halafu ukanichezea kamari, mimi na watoto wangu, mbele ya watu elfu. Hiyo kwako haikuwa dhambi?"

Alikuwa na majibu. Alikuwa ameyapanga kila usiku tangu siku ile, na yote yalikuwa mazuri.

"Ilikuwa," alisema.

Luhende akainama, akanyanyua begi kubwa kuliko yote, akalipandisha garini.

"Afadhali umesema," akamwambia, akaenda zake kufungua lango.